Barabara ya Pugu na Watu Wasio na Jiwe

Mkazi wa Vingunguti anaijua Barabara ya Nyerere kwa foleni ya TAZARA, kwa malori ya ng'ombe yanayoelekea machinjioni, na kwa sauti ya konda anayeita "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto" tangu alfajiri. Watu wazima kidogo bado wanaiita Barabara ya Pugu, jina lake la zamani. Reli ya Kati nayo imeshika uelekeo huohuo, na siku hizi ipo pia SGR, iliyoanza kubeba abiria wa Morogoro mwezi Juni 2024. Ni njia ya watu wenye haraka. Ukimsimamisha mtu pale umuulize nani walipita hapa kabla yetu, atakuona una muda wa kuchezea.

Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, kwa hiyo kuuliza maswali ya namna hiyo ndiyo mkate wangu. Na jibu fupi ni kwamba kabla haijawa njia ya daladala, njia hii ilikuwa njia ya vita, tena zaidi ya mara moja. Kumbukumbu za vita hivyo zipo: sanamu, makaburi, mawe yenye majina. Lakini ukizifuata moja baada ya nyingine, kutoka Posta hadi Morogoro na kuendelea hadi Rufiji, unaona jambo ambalo mwongozo wa watalii hauwezi kukuambia. Kila alama inamkumbuka mtu aliyeshika bunduki au aliyetoa amri. Aliyebeba mzigo, ambaye ndiye aliyekufa kwa wingi kuliko wote, hana jiwe.

Tuanze na Pugu yenyewe, maana barabara iliitwa kwa jina lake. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni yao ya kwanza huko, kwenye vilima vilivyo kiasi cha kilomita 20 kutoka bandarini. Mwaka huohuo pwani nzima ililipuka kupinga Kampuni ya Wajerumani, na jina lililovuma kuliko yote lilikuwa la Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilivamiwa na kuteketezwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi, Wasudani na Wazulu kwa wingi, na kabla mwaka haujaisha Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani.

Wapenzi wa fasihi wanavifahamu vita hivyo kwa njia nyingine, kupitia utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga juu ya Wadachi kuitwaa Mrima. Yaani kumbukumbu ya kwanza ya vita vile kwa upande wetu iliandikwa kwa wino, kwa herufi za Kiarabu, katika lugha yetu. Ya kwao ilikuja baadaye kwa shaba. Kabla ya vita vya 1914, Wajerumani walimsimamisha Wissmann mjini Dar es Salaam, yeye juu na askari Mwafrika chini yake, akimtazama bwana wake kwa unyenyekevu. Waingereza walipoingia, sanamu ile iliondolewa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu mwaka 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha miaka ya 1960. Kwa hiyo alama ya kwanza ya njia ya kijeshi katika mji huu ilimpa Mwafrika nafasi miguuni pa mshindi. Hilo tuliweke akilini tunapoendelea.

Vita vya pili vya njia hii ni vile tunavyoviita Vita Kuu ya Kwanza. Shuleni tulifundishwa kwa aya mbili tatu, tukahamia Mkataba wa Versailles. Lakini hapa vilipiganwa miaka minne na zaidi. Agosti 1914 manowari za Kiingereza zilikuwa zimeshapiga mizinga Dar es Salaam. Gavana Schnee akahamishia serikali yake Morogoro, na reli iliyokuwa imekamilika hadi Kigoma mwaka huohuo ikawa uti wa mgongo wa ulinzi wa Wajerumani. Kilichopita kwenye reli hii inayokatiza karibu na mitaa yetu wakati ule kilikuwa askari, risasi na chakula cha jeshi. Hata mizinga ya meli *Königsberg*, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ililetwa Dar es Salaam ikawekewa magurudumu kwenye karakana, kisha ikasambazwa bara kupigana nchi kavu.

Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliingia Morogoro. Siku tisa baadaye, tarehe 4 Septemba, Dar es Salaam ikasalimu amri. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja ya reli kabla ya kuondoka. Kuanzia hapo mambo yakageuka: bandari ya Dar ikawa kituo kikuu cha Waingereza, na njia ya Pugu na Morogoro ikawa mlango wa kupeleka kila kitu kusini, kumfukuza von Lettow-Vorbeck ambaye hakukubali kukamatwa.

Sasa hapa ndipo anapoingia mtu wangu, mpagazi.

Ili kuelewa kwa nini wapagazi walihitajika wengi vile, piga hesabu nami. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yalizama kwenye tope masika yalipoingia. Kikabaki kichwa cha binadamu. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 25. Naye ni mtu, anakula. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda mbele na siku kumi kurudi, ameshakula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Anayemfikishia askari ni kilo tano tu. Kwa hiyo kadiri von Lettow alivyozidi kurudi nyuma kuelekea Rufiji, Lindi na Msumbiji, ndivyo idadi ya wapagazi ilivyolazimika kupanda. Haikuwa jeshi lenye wapagazi. Ilikuwa mito ya wapagazi yenye jeshi dogo mbele yake.

Upande wa Waingereza peke yao, walioandikishwa au kukamatwa kwa kazi hiyo, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na hapa kwetu, wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa, kwa makadirio ya wanahistoria, wanakaribia 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi usioiva uliopewa watu waliozoea ndizi au mtama. Upande wa Wajerumani nao walikamata watu vijijini kwa kamba, na wao hawakuacha hata daftari la kuridhisha. Ongeza waliobaki nyumbani: mazao na mifugo ilichukuliwa na majeshi yote mawili, na mvua zilipokosekana Ugogo ikaangukiwa na njaa ambayo wazee wa kule wanaiita Mtunya.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mluguru wa Matombo, mashariki ya milima ya Uluguru. Waingereza walipita Matombo mwaka 1916 wakichonga barabara kuelekea Duthumi na Kisaki. Bibi alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini alikuwa na habari moja aliyoipokea kutoka kwa mama yake: mjomba wa mama yake alichukuliwa mizigo. Ndivyo alivyosema, kila mara kwa maneno yaleyale. Hakusema alikwenda vitani. "Alichukuliwa mizigo," basi. Na kwa Waluguru mjomba si mtu wa pembeni. Ukoo unakwenda kwa mama, kwa hiyo mjomba ndiye nguzo. Matanga yake yalikaliwa bila maiti, na jina lake akapewa mtoto aliyezaliwa baada ya hapo, ili lisipotee. Utotoni nilidhani ni hadithi ya kwetu tu. Nilipokua nikaanza kuwauliza majirani Vingunguti, ambako kila nyumba ina watu wa mkoa wake, nikaikuta habari hiyohiyo kwa Wagogo, kwa Wangoni, kwa Wamakonde. Kila mmoja ana mtu wake aliyechukuliwa.

Basi tutazame alama zilizowekwa kwa ajili ya watu hao.

Ya kwanza kila mtu anaijua, Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Ni kazi nzuri, sikatai. Na ukilinganisha na Wissmann, Mwafrika amepanda: safari hii yuko juu, hana bwana wa kumtazama. Chini yake kuna maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yaliyoandikwa kwa Kiswahili pia, yanayowataja askari na yanayowataja wapagazi kuwa ndio walioliwezesha jeshi kutembea na kushika. Kwa hiyo mpagazi hakusahauliwa kabisa. Lakini yuko kwenye maandishi, na aliye juu kileleni ni askari peke yake. Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, sanamu ya mchongaji huyohuyo imemweka mpagazi juu, bega kwa bega na wenye bunduki. Sisi ambao nchi yetu ndiyo iliyokuwa uwanja wa vita, tukapewa askari tu. Muulize kijana yeyote pale Posta sanamu ile ni ya nani, atakwambia ni ya mwanajeshi. Na atakuwa hajakosea.

Alama za pili ni makaburi. Kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kuna makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mstari. Ukienda Morogoro utayakuta mengine, Dodoma mengine, Iringa mengine. Ukiyaunganisha kwenye ramani unapata njia ya jeshi kama ilivyokuwa, kituo kwa kituo. Tume iliyoyajenga iliundwa mwaka 1917 kwa msingi mzuri sana, kwamba wafu wote waheshimiwe sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kule Ufaransa msingi huo ulifuatwa kwa kiasi kikubwa, jenerali na koplo wakapewa jiwe la ukubwa mmoja. Huku Afrika ukaishia ufukweni.

Na hapa sitaki kubahatisha, kwa sababu ni jambo zito. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 maofisa wa tume hiyo walizungumza na Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika. Msimamo wake ulioandikwa ni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya hapa Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo. Rudia kuisoma sentensi hiyo taratibu. Makaburi yalikuwepo. Yalikuwa makubwa. Yalijulikana yalipo. Tumezoea kusema wapagazi walipotea, kama vile walimezwa na msitu bila mtu kujua. Hawakupotea. Waliachwa, kwa uamuzi wa mezani, na mtu mwenye kalamu.

Ukitaka kuona tofauti, endelea na njia ileile hadi Beho Beho, ndani ya hifadhi. Hapo tarehe 4 Januari 1917 aliuawa Frederick Selous, mwindaji maarufu wa Kiingereza aliyekuwa amejiunga na jeshi akiwa na miaka zaidi ya 60. Alizikwa palepale, kaburi lake lina jiwe na bamba lenye jina, na watalii wanapelekwa kuliona hadi leo. Hata hifadhi nzima ilipewa jina lake, kabla ya sehemu yake kubwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Simchukii Selous. Alikufa kama wengine walivyokufa. Lakini chakula alichokula asubuhi ya siku ile hakikufika Beho Beho kwa miguu yake chenyewe. Na mwisho kabisa wa safari hiyo ndefu, kwenye mto Chambeshi huko Zambia, kuna mnara mwingine, nao unamtaja von Lettow-Vorbeck kwa jina. Mwanzo wa njia jina, katikati jina, mwisho jina. Aliyeitembea yote, kimya.

Ila kuna alama moja ambayo haikuwekwa na serikali yoyote. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko mtaa wa Waafrika, vita vikaanza kabla halijatumika. Waingereza walipoingia wakaligeuza eneo lile kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa asili ileile. Vita vikaisha, soko likafunguliwa, jengo la zamani likavunjwa, likaja lile la Beda Amuli la miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, likakarabatiwa. Jina halijatetereka. Kila siku maelfu ya watu wanasema "naenda Kariakoo" bila kujua wanataja kambi ya wabeba mizigo. Na pale sokoni, vijana wenye marobota kichwani wanapiga kelele "njia, njia!" tuwapishe. Kazi ni ileile, mahali ni palepale.

Hilo linanifundisha kitu kuhusu alama. Shaba inaweza kung'olewa ikapelekwa Hamburg. Jina lililo mdomoni mwa watu haling'oki. Lakini lina udhaifu wake: linakaa huku maana yake ikivuja kidogo kidogo, mpaka linabaki ganda. Kariakoo ni kumbukumbu kubwa kuliko Sanamu ya Askari, na wakati huohuo ni kumbukumbu iliyolala. Inahitaji mtu wa kuiamsha.

Fasihi imejaribu. Abdulrazak Gurnah aliimaliza *Paradise* ya mwaka 1994 kwa msafara wa askari wa Kijerumani unaokamata watu, na katika *Afterlives* akarudi kwenye vita vyenyewe. Tangu 2022 riwaya ile ya kwanza tunaisoma kwa Kiswahili, *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. M.G. Vassanji naye aliigusa miaka hiyohiyo katika *The Book of Secrets*. Ni jambo la kujivunia, ila nakiri linanisumbua kwamba tunaikumbuka vita ya kwetu kwa kuitafsiri kutoka Kiingereza. Riwaya ya mpagazi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na mtu ambaye bibi yake alimwambia "alichukuliwa mizigo", naisubiri kwa hamu.

Upande wa serikali zilizohusika, mambo yamesogea kidogo. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ilitoa ripoti juu yake yenyewe, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Na Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa mnara wa Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo barani mwetu wakifanya kazi zisizo za bunduki. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao, ina jina lake. Mbao yenyewe ni mvule. Nilipoona picha zake nilifurahi, halafu nikapata wivu. Mvule ni mti wetu. Matambiko mengi ya nchi hii yanafanyika chini yake.

Najua atatokea wa kuniuliza: ndugu yangu, Vingunguti tunadai mitaro, maji yanatuingia ndani Msimbazi ukifurika, wewe unataka jiwe la watu waliokufa miaka mia iliyopita? Swali ni la haki. Nami nalijibu hivi: mtaro tudai, na jiwe tudai. Tabia ya kuamua kwamba watu fulani hawana haja ya kuandikwa majina ndiyo hiyohiyo inayoamua kwamba mtaa fulani hauna haja ya mtaro. Byatt hakuwachukia wapagazi, nadhani. Aliwaona tu kama idadi, na idadi haihitaji kaburi.

Wala sidai mnara wa mabilioni. Barabara hii tayari imeshabadilishwa jina mara moja kwa heshima: Nyerere alifundisha Pugu mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, na leo njia yote ya kutoka kule ina jina lake. Kwa hiyo tunajua kufanya mambo haya tukiamua. Ninachotaka ni bamba, moja TAZARA, moja Gongo la Mboto, moja Pugu, moja Ruvu, hadi Morogoro, vituoni ambako watu wanasimama kusubiri gari na hawana la kufanya ila kusoma. Liandikwe kwa Kiswahili. Litaje mwaka, litaje mzigo kilo ngapi, litaje njia ilikwenda wapi. Halafu, wakati wazee waliosikia kwa masikio yao bado wapo, kila ukoo upeleke jina lake liandikwe. La kwetu tunalo, amelirithi binamu yangu, anauza spea Tabata. Anajua ni jina la mjomba. Hajui bado ni jina la vita.